Mkato Uliolificha Jina la Binti Yangu

Binti yangu alikuwa na siku tatu tu duniani pale baba yake alipokwenda kumwandikisha katika ofisi ndogo iliyoko ghorofa ya chini ya hospitali, hapa Perugia, mwezi Januari 2018. Karani alimwuliza swali moja fupi: majina haya mawili yaandikwe kwa mkato katikati au bila mkato? Mume wangu, ambaye hata ujumbe wa simu huuandika kwa nukta na mikato yote, alijibu bila kusita kwamba mkato uwekwe. Mimi wakati huo nilikuwa wodini, nimelala usingizi wa mtu aliyekesha siku mbili. Kuifuta alama ile ndogo kulituchukua miezi 21.

Ninaandika kwa sababu tangu hapo nimepokea simu nyingi za Watanzania na Wakenya wanaoishi Italia, wakiniuliza habari za majina ya watoto wao, na karibu kila mmoja alikuwa ananyemelea shimo lilelile nililotumbukia. Nitaeleza mambo kama yalivyofuatana, pamoja na makosa ambayo hayakuwa ya karani wala ya mume wangu bali yangu mwenyewe.

Mama yangu anaitwa Klara. Alibatizwa Tosamaganga, nje kidogo ya mji wa Iringa, katika misheni iliyoanzishwa na Wabenedikto wa Kijerumani na ambayo baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilishikwa na Wamisionari wa Konsolata kutoka Torino. Bibi yangu, ambaye herufi r ilimshinda mpaka anaingia kaburini, alimwita Kalala. Shuleni alikofundisha kwa miaka 34 alikuwa Mwalimu Klara, na barabarani hadi leo watu wazima wenye mvi humwamkia kwa jina hilo huku wakificha sigara. Tangu nikiwa msichana nilijua kwamba binti yangu wa kwanza angekuwa somo wake. Kwetu hilo si jambo la kujadiliwa sana: mtoto akibeba jina la bibi yake, mimi niliyemzaa nitamwita mama, bibi atamwita somo, na hata kumchapa mtoto wa namna hiyo kunakuwa na aibu yake.

Nilichokihofia ni upande wa pili. Mume wangu anatoka Lecce, kusini kabisa, ambako desturi ya zamani ilitaka mtoto wa kwanza wa kiume abebe jina la babu mzaa baba na wa kike abebe la bibi mzaa baba. Mama mkwe anaitwa Addolorata, jina la Bikira Maria wa Mateso, ambalo kwa maana yake ya wazi ni mwenye huzuni. Alipokuja kututembelea Septemba 2017 nilikuwa nimejiandaa wiki nzima kwa maneno ya kukataa kwa heshima. Akaniona ninavyozungukazunguka jikoni, akanikatiza huku akimenya viazi: "Mwanangu, jina hili nimelibeba miaka 66 na shuleni walinicheka nalo. Mwacheni mtoto azaliwe na furaha." Hotuba yangu yote ikaishia mdomoni.

Yako majina mengine tuliyoyapitia na kuyaacha kwa sababu za Kiswahili. Mume wangu alipenda Mia, ambalo kwa Kiitaliano ni "wangu". Nikamwambia kwamba kwetu mtoto huyo ataulizwa kila siku ni mia ngapi, na mdogo wake ataitwa Mia Mbili. Pia, jina zuri la kale lenye maana ya mcha Mungu, lingefanya kila habari yake iwe kitendawili: Pia amekula pia. Asia ndilo lingetuokoa, kwa kuwa Waitaliano wanalo na Waswahili wanalo, ingawa asili zake ni mbili tofauti, lakini halikuwa la mama.

Ndipo mume wangu akasema jambo ambalo kwake halikuhitaji hata kusemwa, kwamba Klara kwa Kiitaliano ni Chiara. Nami nililijua, kwa sababu mwaka 2013, nikisoma lugha katika chuo kikuu cha wageni cha hapa Perugia, mwalimu alitueleza namna Kilatini kilivyogeuka. Jina linatokana na clarus, neno lenye maana ya kung'aa, kuwa wazi, na pia kuwa na sifa njema iliyoenea. Katika Kiitaliano ile kl ya Kilatini ililainika ikawa ki ya haraka, inayoandikwa chi: clavis, ufunguo, ikawa chiave; clamare, kuita kwa sauti, ikawa chiamare; na ecclesia, kanisa, ikawa chiesa. Mtoto anayejitambulisha kwa kusema "Mi chiamo Chiara" anayatamka mageuzi hayo mara mbili katika pumzi moja. Wajerumani waliokuja Iringa walikuwa na Klara, kwa kuwa lugha yao ililichukua jina kutoka Kilatini bila kulimenya, na Kiswahili chenye k yake tayari kikalipokea hivyohivyo. Kwa hiyo Klara na Chiara ni mtu mmoja aliyepita njia mbili.

Tatizo liko kwenye jicho la msomaji wa Kiswahili, ambaye mambo kwake yamepinduliwa. Alfabeti ya asili ya Kiitaliano ina herufi 21 na k haimo, hivyo ili c isomwe kama k mbele ya i au e huwekewa h. Ci na ce zao ndizo chi na che zetu, wakati chi na che zao ndizo ki na ke zetu. Lucia hutamkwa Luchia. Chiara hutamkwa Kiara. Gi na ge ni ji na je, ndiyo maana Ginevra ni Jinevra, na gn ni ny yetu kabisa, hivyo Agnese ni Anyeze. Ningeyaandika haya kwenye karatasi moja na kumtumia mama kabla ya kujifungua, nusu ya simulizi hii isingekuwapo.

Kuhusu umaarufu wa jina nilifanya uchunguzi kidogo. Shirika la takwimu la Italia, ISTAT, lina ukurasa wa umma ambako mtu huandika jina na kuoneshwa ni watoto wangapi waliozaliwa nchini walipewa jina hilo mwaka hadi mwaka, kuanzia 1999. Ninamshauri kila mzazi aupitie, kwa sababu unaonesha mwelekeo, na mwelekeo ni muhimu kuliko idadi ya mwaka mmoja. Chiara lilikuwa miongoni mwa majina ya mbele kabisa mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha likaanza kushuka huku Sofia, Aurora na Ginevra yakipanda. Wodini niliyaona hayo kwa macho: mkunga wangu aliitwa Chiara, daktari wa ganzi Chiara, msichana wa duka la dawa la ng'ambo ya barabara Chiara, lakini katika vitanda vya watoto palikuwa na Sofia wawili, Aurora mmoja na Ginevra mmoja. Jina nililodhani ni la watoto lilikuwa limeshakuwa la kina mama. Sikuona ubaya, maana mtoto hatakuwa Chiara wa nne darasani kama shangazi yake upande wa baba alivyokuwa. Muuguzi mmoja aliniuliza kama tumemwiga Chiara Ferragni, yule mwanamitindo wa mitandaoni aliyekuwa gumzo mwaka ule, nikamjibu kwamba tumemwiga mwalimu mstaafu wa Iringa.

Ukurasa ule haumwambii mtu jina linagongana na neno gani la kawaida. Chiara ni pia ute mweupe wa yai; mama mkwe akitengeneza keki hutenga chiara kwenye bakuli moja na kiini kwenye jingine. Binti yangu, ambaye sasa yuko shule ya msingi, hutaniwa kwa hilo, na bahati nzuri hucheka. Wazazi wa lugha mbili tuna kazi ya kulipitisha jina katika lugha zote mbili, na si kwa kamusi bali kwa kulitamka jikoni, sokoni na mbele ya watoto wa jirani, ambao hawana huruma.

Jina la pili, Nuru, lilikuwa langu. Niliona kwamba Chiara peke yake litamfanya asiye na dalili yoyote ya kwetu, na Nuru lina maana ileile kwa upande wetu wa bahari, hivyo yangekuwa jina moja lililovaa nguo mbili. Tulikubaliana aitwe Chiara Nuru, yote mawili, kila siku, kila mahali. Tulikubaliana kwa mdomo tu. Hatukuandika popote.

Sheria inayohusika ni amri ya Rais wa Jamhuri ya Italia namba 396 ya mwaka 2000. Mtoto huandikishwa ndani ya siku 3 hospitalini alikozaliwa, au ndani ya siku 10 katika ofisi ya manispaa. Majina yasizidi matatu, yalingane na jinsia ya mtoto, na ni marufuku kumpa jina la baba yake aliye hai, la ndugu yake aliye hai, au jina la kumdhalilisha. Karani alikwama kwanza kwenye Nuru, kwa kuwa majina mengi ya kike ya Kiitaliano huishia na a na hakuwa na namna ya kujua kama hilo ni la kike. Mume wangu akamweleza kwamba kwetu hubebwa na wote, akalikubali bila ugomvi. Hata mahakama yao ya juu ilishaamua mwaka 2012 kwamba Andrea, ambalo nchini humo ni jina la kiume, linaweza kupewa msichana.

Kikwazo chenyewe kilikuwa katika kifungu cha 35. Kina maneno yaliyoongezwa baadaye, ambayo wageni hatuyajui na wenyeji wengi hawayakumbuki: majina yakitenganishwa kwa mkato, vyeti vyote vitakavyotolewa vitaonesha jina la kwanza pekee. Yasipotenganishwa, yote kwa pamoja ndiyo jina la mtoto, na itambidi ayatumie yote katika kila hati na kila saini maisha yake yote. Kila njia ina faida na kero zake, na wako marafiki zangu waliochagua mkato kwa makusudi ili mtoto asihangaike na fomu ndefu. Lakini achague aliyejua anachagua nini. Chiara Nuru bila mkato ni mtoto mwenye jina la maneno mawili; Chiara, Nuru ni mtoto anayeitwa Chiara, na Nuru limefungiwa kabatini.

Cheti kilipofika nilikisoma kwa macho ya mtu asiye na usingizi, nikaona Chiara, nikaona jina la ukoo, nikatosheka. Nikakipiga picha, nikamtumia mama kwa WhatsApp na kuandika chini yake: "Mama, somo wako huyu." Alama mbili zikageuka buluu. Hakujibu siku ile wala ya pili yake. Siku ya tatu mama mdogo ndiye aliyepiga simu, akasema bila kuzunguka: "Umesema ni somo wa dada, mbona umeandika Chiara? Yeye anasema pengine umeona aibu kumpa mtoto wa Ulaya jina la kijijini." Akalitamka Chiara kwa ch ya chai, kama ambavyo mtu yeyote aliyesoma Kiswahili angelitamka. Nikacheka, na kule kucheka ndiko kulikoharibu. Nilisema ni jina lilelile, Wazungu wanaliandika hivyo, nikakata simu kwa sababu mtoto alikuwa analia. Sikurudi kueleza. Kwanza nilichoka, kisha nikaona haya, na aibu ikikaa wiki tatu hugeuka kuwa mazoea.

Kukosekana kwa Nuru nilikugundua kwa njia ya ajabu kidogo. Kila mkazi wa Italia ana namba ya kodi yenye herufi na tarakimu 16, na watoto hupewa wakizaliwa. Herufi tatu za mwanzo hutoka kwenye jina la ukoo, na tatu zinazofuata kwenye konsonanti za jina la mtu. Niliwahi kufanya kazi ya mapokezi katika ofisi ya uhasibu, nikajifunza kuzihesabu kwa kichwa. Kadi ya afya ya binti yangu ilipoletwa na posta niliona CHR. Chiara ina C, H na R, sawa. Lakini Chiara Nuru ina konsonanti tano, na zikizidi tatu huchukuliwa ya kwanza, ya tatu na ya nne, hivyo ilipaswa kuwa CRN. Nilikaa sebuleni, mtoto begani, kadi mkononi, nikahesabu upya kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Jioni nikamwuliza mume wangu walichoandika hospitalini. Akanieleza habari ya mkato kwa fahari ndogo, kama mtu aliyefanya kazi yake kwa usafi. Tuligombana usiku ule kwa sauti ya chini ili tusimwamshe mtu ambaye hatukuwa na hakika anaitwa nani. Asubuhi akasema tutarekebisha baadaye, nami nikakubali kwa sababu "baadaye" ndilo neno tamu kuliko yote kwa mwenye kichanga.

Baadaye ilifika Desemba 2018, tulipokwenda Iringa kwa Krismasi. Pasipoti ya mtoto ilisema Chiara. Tiketi niliyoikata mimi mwenyewe miezi kadhaa kabla ilisema Chiara Nuru, kwa sababu kichwani mwangu hakuwahi kuitwa vingine. Niliona tofauti hiyo siku mbili kabla ya safari na nikalipa euro 90 kusahihishiwa tiketi. Mzazi anayesafiri na mtoto mwenye majina mengi asiikate tiketi kwa kumbukumbu. Aifungue pasipoti, aiweke mezani, aandike herufi moja baada ya nyingine kama anavyoiona.

Nyumbani mvua ilikuwa imeanza na mlima wote umevaa kijani. Mama alimpokea mjukuu wake kwa mikono miwili, akamtazama usoni kwa muda mrefu, akamfunga mgongoni hapohapo. Mama mdogo akauliza mbele ya watu: "Sasa tuelewane. Ni Chiara ya chai au Kiara ya kiatu?" Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alisema kwa sauti yake ya darasani, ile isiyopanda wala kushuka: "Mimi nitamwita Nuru. Hilo nalifahamu." Kwa wiki tatu hakuna aliyemwita mtoto vinginevyo katika nyumba ile. Mtoto aliitwa kwa jina ambalo dola haikulitambua, na lile linalotambuliwa, ambalo ndilo hasa la bibi yake, bibi alikataa kulitia mdomoni.

Katikati ya wiki ya pili mtoto alipata homa kali. Mama akamwahi kumpeleka zahanati nikiwa nimekwenda mjini, akamwandikisha kama anavyomjua. Ilikuwa malaria, alitibiwa vizuri, siku ya nne alikuwa anacheza. Risiti zote za vipimo na dawa, jumla shilingi 85,000, zilibeba jina la Nuru. Nilipozipeleka kwa kampuni ya bima ya safari tuliporudi, nilijibiwa kwamba hazimhusu mteja wao. Fedha zenyewe hazikuwa nyingi. Ila nilipoisoma ile barua nilijua kwamba sitasubiri tena.

Kubadilisha jina Italia huombwa kwa prefetto, mwakilishi wa serikali katika mkoa. Kosa likiwa la karani, husahihishwa kwa njia rahisi zaidi, lakini letu halikuwa la karani. Aliuliza, akajibiwa, akaandika. Tulipeleka ombi mwezi Februari 2019, limetiwa saini na wazazi wote wawili kwa kuwa mtoto ni mdogo, likiwa na stempu ya ushuru ya euro 16, na nyingine ya kiasi hicho ikatakiwa baadaye. Ombi lazima litoe sababu nzito, na rasimu yangu ya kwanza ilikuwa ya mistari mitatu isiyo na uzito wowote. Ya pili niliiandika kurasa mbili: habari za mama, maana ya Nuru, risiti za zahanati, nakala ya cheti cha ubatizo cha Klara pamoja na tafsiri yake. Sijui ni karatasi ipi iliyowagusa, lakini ningerudia ningeanza na hiyo ya pili na kuokoa miezi miwili. Ombi likipokelewa, tangazo hubandikwa kwa siku 30 kwenye ubao wa manispaa, ambao siku hizi uko mtandaoni, ili mwenye pingamizi ajitokeze, ndipo hati ya mwisho hutolewa. Baada ya hapo namba ya kodi hubadilika na kila kitu huifuata: kadi ya afya, chekechea, daktari wa watoto, na pasipoti mpya, ambayo peke yake ilitugharimu euro 116. Kwa swali ambalo hospitalini lilihitaji kujibiwa kwa maneno mawili.

Tangazo letu lilikuwa ubaoni mwezi Agosti 2019, mwezi uleule mama alipokuja kututembelea. Tarehe 11 Agosti ni sikukuu ya Mtakatifu Klara, na mwaka ule iliangukia Jumapili. Waitaliano, hasa wa kusini, husherehekea siku ya jina karibu sawa na siku ya kuzaliwa. Mama mkwe alikuwa ameshampigia simu mtoto asubuhi kumtakia heri. Kutoka Perugia hadi Assisi ni mwendo mfupi wa treni, na kutoka stesheni, iliyo bondeni, basi hupanda hadi mjini. Niliamua kwamba siku hiyo nitasema yote.

Kanisa la Mtakatifu Klara limejengwa kwa mawe yenye mistari ya waridi na nyeupe, na nje yake zimesimama tao kubwa zinazoegemea ukuta kama vizee vinavyosukuma gari. Watu walikuwa wengi. Mama alisimama mbele ya kibao cha mlangoni, akanyoosha kidole, akasoma kwa silabi kama alivyofundisha darasa la kwanza: "San-ta Chi-a-ra." Ch ya chai. Kando yetu mwanamke mmoja akawa anamwita binti yake aliyekimbilia chemchemi: "Chiara! Chiara, vieni qua!" Mama akageuka. Akasubiri. Yule mwanamke akaita tena. "Anamwita Kiara," mama akasema. "Mbona hapa wameandika vingine?"

Nikamweleza kila kitu palepale, tumekaa kwenye ukuta wa uwanja, mtoto akila mkate mapajani mwake. Nikamweleza habari ya alfabeti isiyo na k, ya ufunguo na kanisa, ya Kilatini kilichopita kwa Wajerumani na kilichopita kwa Waitaliano. Nikamweleza kwamba mwanamke aliyelala chini ya kanisa hili alizaliwa katika mji huuhuu mwaka 1194 hivi, na kwamba inasimuliwa mama yake, Ortolana, akiwa mjamzito na mwenye hofu ya uzazi, alisikia katika sala sauti ikimwambia atazaa mwanga utakaoangaza dunia, ndiyo maana akamwita Chiara. Kwamba alitoroka kwao usiku wa Jumapili ya Matawi, akakatwa nywele na Fransisko wa Assisi, akaishi katika monasteri ya San Damiano mpaka alipofariki 11 Agosti 1253, siku mbili baada ya Papa kuidhinisha kanuni aliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya masista wake. Na kwamba Papa Aleksanda IV alipomtangaza mtakatifu mwaka 1255, aliifungua barua yake kwa kulichezea jina hilo: Clara claris praeclara, Klara aliye mng'avu kwa mastahili yake mang'avu.

Mama alikuwa na sala zake za Mtakatifu Klara tangu utoto, lakini hakuwahi kusikia kwamba ndiye msimamizi wa televisheni. Nikamwambia alitangazwa hivyo na Papa Pius XII mwaka 1958, kwa sababu Krismasi moja Klara, akiwa mgonjwa kitandani asiyeweza kwenda kanisani, aliiona na kuisikia ibada yote akiwa chumbani mwake. Mama akatikisa kichwa. "Basi ile ya kwetu nyumbani imemshinda," akasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akitania tangu mwezi Januari wa mwaka uliotangulia.

Kisha akanyamaza, akamfuta mtoto makombo mdomoni. "Ulipaswa kuniambia," akasema. "Mimi ni mwalimu. Ningeelewa."

Sikuwa na la kujibu. Tulishuka kwenye kaburi, tukapanga foleni na mahujaji, tukatoka upande wa pili ambako pana kibanda cha kuuza rozari. Mama aliomba kalamu. Akafungua kitabu chake cha sala, kwenye ukurasa wa mwanzo ambako huandika tarehe za vifo, ndoa na ubatizo wa ukoo mzima, na kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi zikiwa zimesimama wima kama wanafunzi mstarini, akaandika jina la mjukuu wake. Nilichungulia begani mwake. Chiara Nuru, bila mkato.

Hati ya prefetto ilitoka Oktoba. Mama alikuwa ameitangulia kwa miezi miwili.